Kitambaa cha meza ya duara cha ukumbini: mshono ukae wapi, pindo lipigweje

Nashonea wapambaji wa kumbi hapa Dar es Salaam. Kitambaa cha meza hakina raha ya gauni la harusi: Jumamosi kiko kwenye sendofu, Jumatatu kiko kwa dobi na madoa ya mchuzi, Ijumaa kinapigwa pasi tena. Ukishona kwa kuangalia siku ya kukabidhi tu, mzigo utakurudia.

Nitatumia mfano wa meza ya duara ya futi 5, ile wanayokaa watu 8. Kipenyo chake ni sm 152, na kwenda juu ni kama sm 75. Pima meza za ukumbi husika, maana zipo zilizokatwa miguu.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya mkasi

Kariakoo vitambaa vingi vya kazi hii vina upana wa inchi 60, yaani sm 152. Ondoa pindo la kiwandani sentimita moja kila upande, kwa sababu hukaza na kuukunja mshono ukishafuliwa. Unabaki na 150.

Kazi yangu ya kwanza niliunganisha vipande viwili vilivyo sawa, mshono ukapita katikati ya meza. Glasi zikawa zinaegemea, na kwenye picha meza zote zina mstari kama mfupa wa samaki. Sirudii. Sasa kipande kizima kinakaa katikati, na nusu mbili zinakaa ubavuni.

Kata kipande cha mita 3, hicho ni cha katikati. Kata kingine cha mita 2 na sm 60, ukipasue kwa urefu upate vipande viwili vya sm 75. Wengi hukata cha pili nacho mita 3, lakini duara linapungua kuelekea ubavuni, kwa hiyo ncha zote nne zinaishia kwenye vikorokoro. Kwa oda ya vitambaa 50, hizo sm 40 ni mita 20 umeokoa.

Kama ni satini, chora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla hujapasua. Ukigeuza kimoja juu chini, chini ya taa kitaonekana rangi nyingine.

Hatua ya 2: Mshono wa kulaza

Huu ni ule wa ndani ya miguu ya suruali nyingi za jinzi. Oveloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) peke yake huacha nyuzi ndani, na mashine ya kufulia huzivuta.

Linganisha katikati ya kipande cha ubavuni na katikati ya kile kirefu, nje zikitazamana. Shona sm 1.5 kutoka ukingoni. Punguza ukingo wa kipande cha ubavuni ubaki nusu sentimita, kisha ukunje ule mpana uufunike. Laza upande wa ubavuni, piga pasi, shona mstari wa pili juu ya mkunjo. Sindano namba 90 kwa poliesta iliyochanganywa na pamba, 75 kwa satini. Uzi uwe wa poliesta.

Ukitandika, mshono unaangukia sm 73.5 kutoka katikati, na ukingo wa meza uko 76. Juu ya meza unaonekana kwa urefu wa kama sm 39 tu kila upande, pembezoni kabisa.

Hatua ya 3: Kukata duara

Kunja mara mbili upate robo, ubane kwa pini. Funga chaki kwenye uzi usiovutika, shikilia ncha kwenye kona ya katikati, chora. Nusu kipenyo ni upana wako halisi ukitoa 3. Kwa 150 ni sm 147. Kitambaa kikitoka na 148, chora 145 usilazimishe.

Hatua ya 4: Pindo

Hapa ndipo mafundi wanapoachana. Duara hili lina zaidi ya mita 9 za ukingo, na sehemu nne za ukingo huo zimekatwa mshazari. Hapo kitambaa kinavutika kama mpira. Ukikivuta kwa mkono wa nyuma ili kazi iende haraka, pindo litakuwa na mawimbi ambayo pasi haiyatoi.

Shona kwanza mstari mmoja mtupu, nusu sentimita kutoka ukingoni. Huo unazuia kuvutika, na ndio unaokuonyesha pa kukunja. Kunja juu yake kuelekea ndani, piga pasi kwa kukandamiza bila kuburuza. Kunja nusu sentimita tena, shona karibu na mkunjo wa ndani. Mikono iongoze tu, cherehani ivute yenyewe. Ukimaliza una duara la sm 292, linaloning'inia sm 70, na sm 5 zinabaki wazi juu ya sakafu. Wateja wa kugusa chini watafute kitambaa kipana zaidi.

Oveloki ya pindo jembamba ni haraka, na kwa oganza ya juu naitumia. Kwa kitambaa cha chini cha kukodisha, hapana. Wapo pia wanaochoma ukingo kwa mshumaa. Ukingo ulioungua unakuwa mgumu na unakwaruza soksi za bibi harusi.

Leso za mezani

Mita moja inatoa sita za sm 50. Kona ndizo zinazosumbua. Piga pasi mikunjo yote miwili pande zote nne, ifungue. Kunja kona mshazari, mkunjo upite pale mistari ya ndani inapokutana, kata ncha ukibakiza nusu sentimita, kisha rudisha mikunjo. Kona inalala bila kifundo.

Kabla hujakata vitambaa vya meza 49 vilivyobaki kwenye ile oda ya 50, shona kimoja, kifue mara tatu kwa maji ya moto, kitandike kwenye meza ya ukumbini, kisha uinamie pindo kwa macho, hasa zile sehemu nne za mshazari.