Kupima shafti na nyumba ya beringi kabla ya kufunga beringi mpya kwenye mashine ya kusaga

Beringi mpya ikifa mapema, lawama huenda dukani. Mara nyingi tatizo ni shafti iliyolika: ringi ya ndani inateleza juu yake, joto linapanda, grisi inayeyuka na kumwagika. Kwa hiyo pima kwanza mahali beringi inapokaa.

Nachukua mfano wa beringi namba 6308: tundu 40 mm, kipenyo cha nje 90 mm. Kama mashine yako inatumia beringi za UCP zinazobanwa kwa skrubu, hizo zina utaratibu wake. Vipimo vilivyo hapa si vyake.

1. Safisha. Toa grisi na kutu kwa mafuta ya taa, kisha sugua vinundu taratibu kwa jiwe la kunolea. Acha shafti, nyumba ya beringi na mikromita (kifaa cha kupimia sehemu ndogo sana za milimita) vikae pamoja kivulini hadi vyote vipoe sawa. Chuma cha 90 mm kikizidi joto kwa nyuzi 10 hutanuka karibu 0.01 mm, na hapa tunagombania kiasi hichohicho.

2. Hakiki mikromita. Kwa shafti ya 40 mm unahitaji ya 25–50 mm, ikiwezekana inayosoma hadi 0.001. Ibane kwenye kipande chake cha 25 mm. Isiposoma 25.000 kamili, irekebishe. Venia iache kwenye sanduku, kwani ile ya kawaida husoma 0.02 au 0.05 na haitoshi kwa kazi hii.

3. Pima shafti. Hapa usiharakishe. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa sehemu inayokaliwa na beringi, na kila mahali pima mara mbili: ukishamaliza mara ya kwanza, zungusha shafti robo mzunguko upime tena. Bana kwa racheti, yaani kitufe cha mwisho wa mikromita kinachoteleza mbano ukitosha, si kwa nguvu ya vidole. Andika namba zote sita. Ncha zikitofautiana, shafti imekuwa na mchongoko; pande mbili za mahali pamoja zikitofautiana, imepoteza uduara. Namba moja pekee isingekuonyesha lolote kati ya hayo.

Mkanda huvuta shafti upande mmoja wakati ringi ya ndani inazunguka, kwa hiyo ringi hiyo lazima ibane. Kipimo cha k6 (alama ya kiwango cha ukubwa unaoruhusiwa wa shafti) kwa shafti hii ni kati ya 40.002 na 40.018 mm. Tundu la beringi ya daraja la kawaida ni kati ya 39.988 na 40.000, hivyo mbano utakuwa 0.002 hadi 0.030 mm. Shafti ikisoma 39.97, beringi itaingia kwa mkono, na hiyo ni dalili mbaya.

4. Pima nyumba. Tumia geji ya teleskopu, ile yenye miguu inayosukumwa nje na springi: iachie ndani ya tundu, ifunge, ipitishe katikati kwa kuiyumbisha kidogo, kisha isome kwa mikromita ya 75–100 mm. Kipimo cha H7, kiwango kama kile cha k6 ila cha tundu, ni 90.000 hadi 90.035 mm. Ringi ya nje inaruhusiwa kusogea kidogo upande mmoja wa mashine, ili shafti ikirefuka kwa joto isizisukume beringi.

5. Amua. Shafti iliyopungua, usiipige nukta kwa panchi. Vinundu vile hushika beringi kwa muda tu, kisha hulala, na beringi imekaa mshazari tangu siku ya kwanza. Peleka kwa mkerezaji atengeneze shafti mpya. Kujaza kwa kuchomelea kunawezekana, lakini joto hupinda shafti na inaweza kupasuka. Kwenye mashine yenye nyundo zinazozunguka kwa kasi, mimi sikubali. Nyumba iliyopanuka huchongwa na kuwekewa bushi.

6. Funga. Pasha beringi isiyo na vifuniko vya mpira hadi nyuzi 100 hivi, bila moto kuigusa, kisha isukume hadi ikae kwenye bega la shafti. Ukilazimika kugonga, gonga kupitia bomba linalogusa ringi ya ndani pekee. Ikipoa, izungushe kwa mkono: ikiwa nzito, mbano umemaliza nafasi ya gololi. Rudi kwenye namba zako sita. Kama ziko ndani ya kipimo, nunua beringi yenye alama ya C3, yaani yenye nafasi kubwa zaidi ya gololi ndani.