Jinsi ya kuandika kanuni za vita vya mataifa ya kubuni bila kugombana

Vita vyangu vya kwanza viliharibika kabla risasi haijalia. Ni mchezo ambao kila mtu hubuni nchi yake na kuiongoza vitani. Nchi yangu ilikuwa na visiwa vitatu. Mchezaji wa nchi jirani akatangaza ana manowari mia mbili. Nikamuuliza zimetoka wapi, akajibu: "Nchi ni yangu, nimeziunda." Hapakuwa na kanuni ya kumkatalia. Tangu hapo nimekuwa mwamuzi wa vita vingi vya namna hii, na kanuni zangu nazipima kwa aliyeshindwa: je, ataona kaangushwa na mipango yake na dadu, au na maneno ya mwenzake?

1. Wekeni bei ya jeshi mapema

Kila nchi ipate alama 100, iwe dola kubwa au kisiwa. Askari wa miguu alama 2 kwa kikosi, vifaru 6, manowari 10. Mwenye raia milioni 80 aendelee kuwaandika kwenye historia ya nchi yake, lakini vitani anaingia na alama zilezile. Bei zipangwe wakati wa amani, maana uadui ukishaanza kila mtu anataka silaha aipendayo iwe rahisi. Hila ninayoitumia: mmoja apange bei, mwenzake awe wa kwanza kuchagua jeshi.

2. Tafuteni mwamuzi asiye na nchi vitani

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, aitwaye von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kufunzia maofisa: ramani, dadu, na mwamuzi anayepokea amri za pande zote mbili. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akaona majedwali ya kuamulia matokeo yamezidi, akapendekeza mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Kwa maofisa waliojuana hilo lilikuwa na mantiki. Kwa watu wanaojuana kwa majina ya kubuni tu, mimi nashika jedwali, na mwamuzi aseme pale tu jedwali liliponyamaza. Akishaamua, uamuzi huo uandikwe uwe kanuni mpaka vita viishe.

3. Amri ziandikwe kwa siri, zifunguliwe pamoja

Mkipokezana zamu hadharani, anayefuata anacheza akijua siri ya aliyetangulia. Basi kila mmoja amtumie mwamuzi amri zake kabla ya saa mliyokubaliana. "Nashambulia kaskazini" si amri. Amri ni hii: "Kikosi cha 3 kitoke bandarini, kivuke daraja, kikikuta adui, kisimame upande wa pili wa mto." Aliyechelewa asiadhibiwe kwa kuangamizwa, huenda umeme ulikatika. Vikosi vyake vibaki vilipo na vijilinde.

4. Dadu mbili, zirushwe mbele ya wote

Dadu moja ni katili: kila namba ina nafasi sawa, moja kwa sita. Kwa dadu mbili, jumla ya 7 hutokea mara 6 katika 36, na 12 mara 1 tu, kwa hiyo miujiza inakuwa adimu. Jedwali langu la mshambuliaji:

- nguvu sawa: apate 8 au zaidi (asilimia 42)
- mara mbili: 6 au zaidi (asilimia 72)
- mara tatu: 5 au zaidi (asilimia 83)

Adui akiwa mlimani au nyuma ya mto, ongezeni 1 kwenye namba inayotakiwa. Vifaru vya alama 24 vikivamia askari wa alama 12 walio kilimani vinahitaji 7, yaani asilimia 58. Mwenye vifaru atalalamika. Mwacheni alalamike, kilima alikiona kwenye ramani.

5. Zuieni kurundika jeshi

Hapa ndipo kanuni nyingi huvuja. Mwaka 1916 Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha kwamba, kwa silaha za kulenga, nguvu ya jeshi hukua kwa mraba wa idadi yake, yaani idadi ikizidishwa kwa yenyewe. Wapiganaji 100 wakikutana na 70 wa ubora uleule hadi wa mwisho, washindi hubaki kama 71. Wamepoteza 29 tu! Mchezaji mjanja atalisoma hilo hata bila hesabu, na atasukuma kila alichonacho mahali pamoja. Weka kikomo: alama 30 kwa kila eneo la ramani, na kikosi kisichoweza kufuata njia iliyo wazi hadi mji wake kipoteze nusu ya nguvu kila raundi.

6. Andikeni mwisho kabla ya mwanzo

Raundi nane, jimbo moja ndilo linaloshindaniwa, na hakuna nchi inayofutwa bila ridhaa ya mwenyewe. Anayesalimu amri mapema abaki na vikosi vyake vilivyosalia.

Kisha chezeni raundi mbili za majaribio, mbadilishane pande, mrudie. Upande uleule ukilemewa kila mara, angalieni ramani kwanza. Mara nyingi ni daraja moja tu limewekwa vibaya.