Kinanda kimoja, sauti mbili: kugawa besi na piano kwa Pure Data

Kwaya au bendi ya harusi isiyo na mpiga besi inaweza kumpa kazi hiyo mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, hata kama kinanda chenyewe ni cha zamani na hakijui kugawa sauti. Waya wa MIDI, yaani lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza, haubebi sauti. Unabeba namba: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani (0 hadi 127), chaneli ipi kati ya 16. Pure Data inazipanga upya namba hizo, FluidSynth inazigeuza kuwa sauti. Zote mbili ni programu huria.

Kwenye Debian au Ubuntu (matoleo ya Linux), sakinisha kwa kuandika amri hii kwenye terminal ukiwa Mtwara mjini au Lindi mjini, kabla ya kupanda Newala au kwenda Liwale na bando la kubahatisha:

`sudo apt install puredata fluidsynth alsa-utils timgm6mb-soundfont`

Hiyo `timgm6mb-soundfont` ni faili la sauti za ala, lina takriban MB 6. Faili jingine, FluidR3, lina piano tamu zaidi, ila linapita MB 100.

Kinanda chenye tundu la duara la pini 5 kinahitaji waya wa kwenda USB. Kichwa kilichoandikwa IN kwa kawaida huingia tundu la OUT la kinanda. Waya za bei nafuu nyingine zimeandikwa kinyume, kwa hiyo kukiwa kimya, badilisha vichwa kwanza.

Washa sauti:

`fluidsynth -a alsa -m alsa_seq -z 128 -c 3 -g 0.7 /usr/share/sounds/sf2/TimGM6mb.sf2`

Hapo sauti inachelewa kama milisekunde 9. Ikikwaruza, weka 256 badala ya 128. Itachelewa kama 17, bado inapigika.

Fungua Pure Data, menyu ya Media, chagua ALSA-MIDI. Ukurasa mpya, kisha Ctrl+1 kwa kila kisanduku:

`notein 1` ina matundu mawili chini. La kushoto (noti) liende `moses 60`. Noti zilizo chini ya 60, yaani chini ya Do ya kati, hutokea kushoto: zipitishe `- 12`, kisha `noteout 2` (chaneli 2, ya besi). Za kulia ziende `noteout 1` (chaneli 1, ya piano). Hiyo `- 12` ina sababu: kinanda cha funguo 61 huanzia noti 36, gitaa la besi huanzia 28. Tundu la pili la `notein` (nguvu) liende tundu la pili la `noteout` zote mbili. Mwisho, ujumbe `33` (Ctrl+2) kwenda `pgmout 2` unaweka besi, ubofye.

Unganisha. `aconnect -l` inaonyesha namba za kinanda na za programu, ambazo hubadilika ukiwasha upya, kwa hiyo usizikariri:

`aconnect 20:0 128:0`
`aconnect 128:1 129:0`

Huu ni mfano tu, weka namba zako: hapa 20 ni kinanda, 128 ni Pure Data, 129 ni FluidSynth.

Kinachowasumbua wengi ni noti isiyozimika. Kwenye MIDI, noti yenye nguvu 0 maana yake ni kuachia. Ukitaka mguso uwe mzito ukaweka `+ 20` kwenye nguvu, 0 inakuwa 20 na noti haizimiki tena. Tumia `* 1.3`, kwa sababu sifuri ikizidishwa hubaki sifuri, kisha `clip 0 127`, inayobana namba zibaki kati ya 0 na 127. Usiandike `clip 1 127`. Inarudisha tatizo lile lile. Kubadilisha ufunguo wa wimbo huku kidole kimebonyeza nako huacha noti inalia. Weka ujumbe `0` kwenda `ctlout 123 1` na mwingine kwenda `ctlout 123 2`: hivyo vinazima kila noti.

Kanyagio halipiti kwenye `notein`. Ongeza `ctlin 64 1` kwenda `ctlout 64 1`, na usilipeleke chaneli 2, besi itavurugika. Gurudumu la kupindisha sauti lina kituko chake: `bendin 1` hutoa 0 hadi 16383, lakini `bendout 1` hutaka -8192 hadi 8191. Weka `- 8192` katikati, la sivyo piano yote itapanda ukiligusa tu.