Jua aina ya data kabla hujachora grafu

Programu ya lahajedwali itakuchorea grafu yoyote unayobofya, hata isiyofaa kabisa. Kwa hiyo anza na safu ya data yenyewe, menyu ya grafu isubiri.

Hatua ya 1: Jiulize kama wastani wa safu hiyo una maana. Namba za simu na za jezi zimeandikwa kwa tarakimu, lakini wastani wake ni upuuzi mtupu. Hizo ni data za makundi, sawa na kundi la damu. Umri, uzito na idadi ya watoto ni data za kiasi. Katikati kuna ngazi kama "duni, ya kutosha, nzuri sana": mfuatano unajulikana, ila pengo kati ya ngazi na ngazi halipimiki.

Hatua ya 2: Makundi yachoree pau zinazoachana. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, isipokuwa zile za ngazi, ambazo hubaki kwenye mfuatano wake. Mhimili wima uanzie sifuri. Ukianzia 90, pau ya 96 itaonekana ndefu mara tatu ya ile ya 92! Chati ya pai mimi huigusa tu vipande vikiwa viwili au vitatu, maana jicho hupima urefu vizuri kuliko pembe. Zote mbili tumeachiwa na William Playfair, mhandisi na mwanauchumi wa Uskoti, pau mwaka 1786 na pai mwaka 1801. Mimi ningeridhika na ile ya kwanza.

Hatua ya 3: Kiasi kinachopimwa kichoree histogramu, yaani grafu ya pau ambamo kila pau ni tabaka moja la vipimo, mfano miaka 0 hadi chini ya 10. Hapa pau hugusana kwa sababu umri hauna mapengo. Wengi huteleza pale matabaka yanapokuwa na upana tofauti. Tuseme miaka 0 hadi chini ya 10 kuna watu 12, 10 hadi chini ya 20 kuna 18, na 20 hadi chini ya 50 kuna 30. Ukichora idadi kama ilivyo, tabaka la mwisho litameza grafu nzima. Gawanya idadi kwa upana: 1.2, 1.8 na 1.0. Huo ndio urefu wa pau, na sasa lile lililoonekana jitu ndilo fupi kuliko yote. Idadi ya watoto huhesabiwa moja moja, kwa hiyo pau zake ziachane.

Hatua ya 4: Kuna safu ya pili? Ikiwa ni muda, chora mstari. Ikiwa ni kipimo kingine, mfano urefu na uzito wa watu walewale, weka nukta moja kwa kila mtu, wala usiziunganishe.