Umelipa VAT nje ya nchi? Hivi ndivyo biashara ya Dar inavyoidai

Wakuu, hii ni kwa wale wanaosafiri kikazi au kulipia vitu nje, wakirudi Dar wanamwachia mhasibu bahasha ya risiti na kumwambia "klemu VAT hapo". Mimi ndio mhasibu mwenyewe, so twende taratibu.

Hatua ya 1: jua hiyo VAT ni ya nani

VAT ya Uingereza ni hela ya serikali ya Uingereza, TRA hawajaiona hata senti, kwa hiyo usiijaze kwenye ritani yako ya VAT ya tarehe 20 kama kodi ya manunuzi (ile unayoikata kwenye VAT unayodaiwa). Kinachoingia kule ni ile 18% uliyolipa hapa hapa kwa risiti ya EFD, pamoja na uliyolipia mzigo bandarini au eapoti, ila TANSAD (hati ya forodha ya mzigo) iwe na jina na TIN yako. Wale wa Kariakoo mnaochangia kontena kwa jina la agenti hapa mnaumia, hela umetoa wewe lakini kwenye makaratasi mwingizaji ni agenti, huna cha kuklemu.

Hatua ya 2: uliza kama ulipaswa kutozwa kabisa

Hapa ndio penye hela na watu wanaparuka. Kampuni yako ikinunua huduma kutoka kampuni ya Ulaya au Uingereza, labda mwanasheria, mshauri, mtu wa kudizaini, kanuni ya jumla ni kwamba huduma inahesabika imetolewa aliko mnunuzi, yaani huku, kwa hiyo invoisi ije bila VAT yao. Sasa mtu anajisajili kwa jina lake binafsi na imeili ya nyumbani, muuzaji atajuaje kama ni kampuni? Mtumie jina la kampuni, anwani, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) kabla hajatoa invoisi. Akishakutoza kimakosa mbane yeye arekebishe, maana ofisi ya kodi ya kule hairudishi VAT ambayo haikupaswa kutozwa, watakwambia malizaneni wenyewe.

(Kuna pia habari ya kujitoza VAT mwenyewe huku kwa huduma za nje. Hiyo inawagusa wenye mauzo mengi ya msamaha, ambao mauzo yao yanayotozwa VAT hayafiki 90% ya mauzo yote, mabenki na wenzao.)

Kinachobaki kudaiwa ni vile vinavyotozwa pale pale vilipo: hoteli, gari la kukodi kwa muda mfupi, kiingilio cha maonyesho.

Hatua ya 3: invoisi iwe ya kampuni

Kikaratasi cha mashine ya kadi sio invoisi, na ile imeili ya kuthibitisha buking nayo sio. Pale mapokezi, kabla hujarudisha funguo, omba invoisi yenye jina la kampuni yako, namba ya VAT ya hoteli, namba ya invoisi, tarehe, kiwango na kiasi cha kodi. Ukisharudi Dar kuwaomba wakubadilishie ni mateso.

Hatua ya 4: angalia nchi inakubali

Sio zote. Ujerumani wanataka nchi yako nayo iwe inawatendea wao hivyo hivyo, wana orodha, isome kabla hujapoteza muda. Uholanzi hawana sharti hilo. Ufaransa wanataka uwe na mwakilishi wa kodi kule. Kwa nchi nyingi za Umoja wa Ulaya maombi ya mwaka uliopita mwisho ni tarehe 30 Juni, ukichelewa imekula kwako.

Hatua ya 5: cheti cha TRA

Utahitaji barua au cheti cha kuonyesha kwamba biashara yako imesajiliwa na inafanya kazi. Omba mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya 6: mfano wa Uingereza

Fomu ni VAT65A, inakwenda HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) pamoja na invoisi na cheti, na cheti kinadumu miezi 12. Mwaka wao wa madai unaanza 1 Julai mpaka 30 Juni, mwisho wa kupeleka ni 31 Desemba. Ukidai mwaka mzima kiwango cha chini ni pauni 16, ukidai kipindi kifupi ni pauni 130. VAT yao ni 20%, so bei yenye kodi ndani gawanya kwa 6: hoteli ya pauni 1,200 ina VAT ya pauni 200. Dina ya kumkirimu mteja usiiweke, hairudi. Halafu subiri, inaweza kufika miezi 6.

Hatua ya 7: isiporudi

VAT ambayo haidaiki inakuwa sehemu ya gharama yako. Kama safari ilikuwa ya biashara kweli inapunguza faida inayotozwa ile 30% ya kodi ya kampuni, kwa hiyo invoisi usizitupe.

Kuna mawakala wanaokufanyia yote haya kwa asilimia ya kitakachorudi. Kwa invoisi moja ya hoteli mimi nisingewapa, ila kama kampuni inapeleka watu kwenye maonyesho kila mwaka, waite, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna malipo mpaka hela iingie benki.