Jinsi ya kujisemea maneno mema bila kujidanganya

Hii ya kusimama mbele ya kioo asubuhi ukajiambia "mimi ni simba, mimi ni tajiri, dunia yote yanipenda" iweke kando kwanza. Sisemi kujisemea mema hakufai, kwafaa sana, ila hiyo staili ya video za TikTok watu huifanya siku mbili tatu wakajiona wapuuzi wakaacha, na kosa si lao. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwapa watu sentensi ya kurudiarudia, "mimi ni mtu wa kupendeka", na kumbe wale waliokuwa wajidharau tangu mwanzo ndo walioishia kujisikia vibaya zaidi, wale waliokuwa wajikubali wakapata nafuu kidogo tu. Na yaeleweka. Ukisema kitu ambacho roho yakikataa, roho yakujibu. Wasema "mimi ni tajiri", ndani kuna sauti yauliza "na deni la dukani?"

Kwa hivo sentensi yako iwe ndogo kiasi cha wewe mwenyewe kuiamini, mengine yote hapa chini yatoka hapo.

Kabla hujatunga chochote sikiliza kwanza matusi. Chukua simu, na kutwa nzima kila ukijisema vibaya andika maneno yenyewe kama yalivo, usiyapambe. Utashangaa wallahi, manake wengi wetu huku Amu, yaani Lamu, twajiambia maneno ambayo hata punda alieziba njia hatumwambii. Jioni soma ile orodha utafute maneno kama "kila kitu", "siku zote", "hakuna hata mmoja". Hayo ndo ya kukata.

Chukua mama auzae mahamri mtaa wa Langoni. Amekanda unga usiku na tui na iliki yake, alfajiri afunua sufuria unga umelala vile vile, na msimu huu wa kusi, upepo wa kusini, na kibaridi chake unga huchelewa kuumuka, hiyo si siri. Yeye ashajiambia "kila kitu changu huharibika". Haya, kila kitu? Jana je? Jana yaliumuka yakaisha watoto wa shule hawajamaliza kupita. Sasa sentensi yake iwe hivi: "Leo unga umenikatalia, jana mahamri yangu yaliisha, usiku wa leo nakanda mapema." Tazama ilivojengwa, baya limetajwa kama lilivo bila kufichwa, kukaja ushahidi ambao hata jirani aweza kuutolea shahada, kisha kazi ya mkono. Roho haina pa kubishia.

Au kijana wa mashua pale sifuruntini, ukingoni mwa bahari, mwezi wa sita, watalii hakuna, ashajiambia "mimi sina bahati". Mwezi wa sita ni mwezi wa sita kwa kila mtu bwana. Ajiambie "Kusi hupita kila mwaka na mimi bado niko, wiki hii naitia mashua kalafati nyufa zizibike, na wale wageni wa mwaka jana nawatumia meseji." Hiyo kazi ya mwisho usiiruke kamwe. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, amechunguza jambo hili miaka mingi na alichokiona ni kwamba mtu akiota tu mazuri bila kufikiria vizuizi vilivo njiani, bidii yake hupungua badala ya kuongezeka, ni kama moyo washajiona umefika.

Kuna vijanja viwili vya wakati moyo wadunda, tuseme wasubiri kuitwa intavyu, au zamu yako yafika kusoma mbele ya watu kwenye maulidi. Cha kwanza, jiite jina lako. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha 2014 kuwa mtu akijisemesha kwa jina lake, si "mimi", humudu wasiwasi vizuri zaidi. Basi kama waitwa Fatma, sema kimoyomoyo "Haya Fatma, hii umeisoma, anza pole pole", utajikuta wajipa nasaha kama ambayo ungempa mdogo wako. Cha pili, usijilazimishe "tulia, tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard, mwaka huo huo wa 2014, aligundua watu wanaojiambia kuwa wana hamu na jambo walifanya vizuri kuliko wanaojiambia watulie, kwenye kuimba, kuhutubia na hata hesabu, manake hamu na hofu zote mbili moyo hudunda, ni rahisi kugeuza jina kuliko kuuzima moyo.

Sasa hii ndo mimi naipenda kuliko zote na watu hawaijui. Mwanasaikolojia Mmarekani Claude Steele alieleza mwaka 1988 kuwa mtu akipigwa upande mmoja wa maisha huweza kusimama kwa kukumbuka upande mwingine anaouthamini. Yaani si lazima ulijibu pigo pale pale lilipoangukia. Umefanya intavyu hukuitwa? Usiandike kuhusu kazi kabisa. Andika robo saa kuhusu kitu unachokithamini, labda kushona kofia za vito, zile za kudarizi, kwa nini wakipenda, nani alikufunza, siku gani ulimaliza kofia ukaitazama ukasema hii ni yangu. Au kumlea mamako. Andika kwa mkono, wino utapakaa, haidhuru, hakuna wa kusahihisha. Mwaka 2006 Geoffrey Cohen na wenzake waliwapa wanafunzi wa darasa la 7 Marekani zoezi la namna hii, na wanafunzi weusi alama zao zikapanda. Wengine walipojaribu kwingine baadaye hawakupata matokeo makubwa hivo, kwa hivo usitegemee muujiza, ila karatasi na kalamu ni bei gani.

Saa ya kusema: ibandike kwenye kitu ushakifanya kila siku, baada ya alfajiri au chai ikichemka. Mfamasia mmoja Mfaransa, Émile Coué, miaka 100 iliopita aliwafunza watu kusema mara 20 asubuhi na usiku kuwa kila siku wazidi kuwa bora, na aliwaambia wahesabu kwa uzi wenye mafundo 20, sisi hapa tungemwambia bwana wee tasbihi tunazo. Mara 20 mimi naona nyingi, mbili tatu kwa makini zatosha.

Wa dini wataniuliza, na kumtegemea Mungu je? Haigongani. Kuna hadithi Qudsi, ambamo Mungu mwenyewe asema "Mimi niko kama mja wangu anavonidhania", na hiyo dhana njema pamoja na inshaallah yako vyaingia kwenye sentensi bila shida.

Ila kama wiki zapita hulali, huli, au wafikiria kujidhuru, hapa si pa sentensi, mwambie mtu wa karibu leo, nenda hospitali, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya, ni bure. Na ikiwa mtu wa nyumbani ndo akupigae, wa kubadilika ni yeye, si maneno yako.

Sentensi ikishazoeleka mpaka mdomo waisema peke yake huku akili iko kwenye bei ya unga, itupe utunge nyingine.