Koti la mvua limeanza kulowa? Lifue, lipashe joto, kisha ndipo ulipulizie dawa

Wapagazi wa Rwenzori na waendesha boda wa Kampala wana lalamiko moja: koti zuri la mvua sasa "linavuja". Mara nyingi halivuji. Ndani yake mna utando wenye vitundu vidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini vikubwa vya kutosha kwa mvuke wa jasho. Bob Gore aligundua namna ya kuutengeneza mwaka 1969 kwa kuvuta plastiki ya PTFE kwa nguvu na kwa ghafla, ndipo ikaja Gore-Tex, kitambaa chenye utando huo. Kitambaa cha nje ni nailoni au poliesta tu, kilichotiwa dawa ya kufukuza maji. Dawa ikiisha, kitambaa kinakunywa mvua, mvuke unakosa pa kutokea, na wewe unalowa kwa jasho lako mwenyewe.

Kwanza, pima. Nyunyizia maji mabegani, mahali mikanda ya begi inaposugua, na kwenye mikono. Yakikusanyika matone yakateleza, liache. Kitambaa kikigeuka cheusi na kizito, endelea.

Pili, fua. Watu wengi hukimbilia dawa na kuruka hatua hii, na hapo ndipo pesa zao hupotea, kwa sababu dawa haishiki juu ya uchafu, mafuta ya ngozi na moshi wa jikoni. Soma kwanza lebo ya koti. Funga zipu zote, tumia maji vuguvugu na sabuni ya maji kidogo. Ukipata ile maalumu ya nguo za mvua ni bora zaidi. Sabuni ya unga, jiki na dawa ya kulainisha nguo ziweke mbali. Suuza mara mbili, usilikamue kwa kulisokota.

Tatu, joto. Likikauka, weka taulo juu yake upige pasi ya umeme kwa moto mdogo, bila mvuke. Joto huamsha dawa iliyobaki. Pasi ya makaa usithubutu: moto wake haupimiki, na nailoni huyeyuka. Sasa rudia kupima. Huenda hutahitaji kununua chochote.

Nne, dawa. Maji yakigoma kukusanyika matone, lifue tena, kisha pulizia dawa nje tu likiwa bado bichi, ukikazia mabega na mikono. Futa ziada kwa kitambaa. Mimi napendelea ya kupulizia kuliko ya kuloweka, kwa kuwa ya kuloweka huingia hadi kwenye bitana inayotakiwa kunyonya jasho. Fuata maelezo ya chupa kuhusu kukausha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, huku Mbale tunasugua mshumaa halafu tunapiga pasi. Inafaa?*
Kwa turubai la pamba, ndiyo. Kwa koti hili hapana, ndugu yangu. Nta huziba kitambaa, na jasho litabaki ndani.

*Nimepata la mitumba pale soko la Owino, ndani linapukutika unga mweupe.*
Pole sana, dada. Hilo tabaka la ndani limekufa, na hakuna dawa ya kulirudisha. Siku nyingine ligeuze kabla ya kulipa: pitisha kidole kwenye utepe wa mishono, kisha kunja kola uone kama inabanduka.

*Nasikia dawa hizi zina sumu?*
Za zamani zilikuwa na kemikali za florini, PFAS, ambazo haziozi na hukaa miaka mingi majini na ardhini. Viwanda vingi vimeziacha. Chagua chupa iliyoandikwa haina PFAS. Hizo mpya hufukuza maji vizuri ila mafuta huzishinda, kwa hiyo fua koti mara nyingi zaidi.

*Kaka, nimefanya yote, lakini kule bonde la Bujuku, Rwenzori, bado nilikuwa nimelowa ndani.*
Mvuke hutoka penye unyevu mwingi kwenda penye mchache. Bujuku hewa yenyewe imeshiba maji, kwa hiyo hata koti jipya hupumua kwa shida. Fungua zipu za kwapani, vua sweta kabla ya kuanza mlima, na punguza mwendo.